Koo la Mkalimani

Jina lake analo, na watoto wake wanalijua, kwa hivyo mimi sitaligusa. Kule mahakamani, katikati ya jiji, hakuna aliyelitumia. Mahakimu walimwita Mkalimani, polisi walimwita Mama Mkalimani, na wezi wa simu waliorudi kizimbani mara ya tatu au ya nne walimwita Mathe, yaani mama kwa Sheng. Mimi nilikuwa karani wa masjala, mahali pa mafaili na vumbi, na tena nilikuwa jirani yake mtaani Jamhuri, ukuta wangu na wake mmoja. Tulijuana miaka kumi na moja. Alizaliwa wapi na aliolewa na nani, kaulize kwingine. Mimi nataka kusema juu ya koo lake, na juu ya majuma machache ambayo uhuru wa mzee mmoja ulitegemea koo hilo.

Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya kizimba na hakimu. Mshtakiwa akisema kwa lugha ya kwao, yeye aliirudisha kwa Kiswahili au Kiingereza. Hakimu akisema, yeye aliinama akamnong'oneza mshtakiwa sikioni. Alijua lugha sita sawasawa, na ya saba, Kigujarati, aliijua kiasi cha kununua kitambaa Ngara na kugombana na mwenye duka kikichuja rangi. Lakini lililomtofautisha na wakalimani wengine ni kwamba hakusema "anasema". Shahidi akisema "nilimwona", naye alisema "nilimwona", uso mkavu, macho kwa hakimu.

"Nikisema 'anasema', nimeshamsukuma huyo mtu kando," aliniambia siku moja tukinywa chai. "Hapo mimi sipo, Mama Faith. Mimi ni koo tu."

Mwanamke mmoja wa kanisani kwao alikuja mahakamani kwa mambo ya leseni ya kibanda chake. Akafungua mlango usio wake, akamkuta Mkalimani amesimama wima akitamka, "Ni kweli nilivunja dirisha nikachukua sufuria mbili, shetani alinipitia." Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, na jioni mchungaji akafika Jamhuri kumwombea. Mkalimani alimwandalia chai, akainamisha kichwa, akaombewa mpaka mwisho na akasema amina. Mchungaji alipoondoka ndipo alipocheka hadi akashika ukuta.

"Sasa mbona hukumwambia ukweli?" nikamuuliza.

"Maombi hayakataliwi. Kuna kesho."

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Mahakamani hakuongeza neno wala kupunguza, lakini nyumbani alizitia hadithi chumvi mpaka hazinyweki. Panya aliyeingia jikoni kwake Jumatatu, kufikia Ijumaa alikuwa mkubwa kuliko paka wa watu wa ghorofa ya chini. Aliwakemea wambea, lakini majirani wakigombana alizima redio akakaa karibu na dirisha. Ukimshika, angekuambia anasikiliza lugha tu, kwamba watu husema lugha safi wakiwa na hasira. Na huyu mtu wa lugha saba hakuvumilia kumaliziwa sentensi. Ukimmalizia, alianza upya kutoka mwanzo.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa nyembamba na safi, na ilifika. Ungekuwa benchi la mwisho, mtoto wa mtu akilia nje na magari yakipiga honi barabarani, na bado ungesikia kila neno. Alijivunia hilo kuliko nywele zake, na nywele alikuwa nazo. Wiki ya maonyesho ya kilimo, vipaza sauti vya uwanjani vikitutoboa masikio mtaani kutwa nzima, alifunga madirisha na kusema mtu aliye na la kusema hahitaji umeme.

Basi ikaja Julai, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zilipokuwa zimeanza kuwa za kila mtu. Julai ya Nairobi mnaijua: ukungu, masweta, na mafua yanayopita ofisi nzima bila kuruka meza. Masjala nzima tulikohoa. Mkalimani alilala na homa siku tatu, ya nne akarudi kazini amejifunga leso shingoni.

"Mama, si ungepumzika kwanza?"

"Homa imeisha. Imebaki hii koo tu."

"Lakini hiyo koo inalia kama mlango mbovu."

"Basi itiwe mafuta."

Ikatiwa. Tangawizi, ndimu, asali, kujifukiza kwa majani, peremende za koo mfuko mzima. Dada yake wa Mutuini alileta mafuta ya kondoo kwenye chupa, akayanywa yakiwa moto huku amefumba macho. Kwenye duka la dawa alinunua vidonge vya kuua bakteria bila kuulizwa swali hata moja. Alhamisi aliamka, akafungua kinywa kumwita binti yake, kukatoka pumzi tupu.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na lilikuwa kosa la kazi yake. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alikuwa amenong'oneza washtakiwa masikioni kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwake kunong'ona ndiko kulikuwa kupumzika. Kila mara sauti ilipochoka, alinong'ona. Kwa hiyo sasa alinong'ona kutwa. Alimnong'oneza hakimu, naye hakimu akamnong'oneza vilevile, mahakama nzima ikawa kama watu walio kwenye matanga. Hilo nimeligundua kwa binadamu: ukimnong'oneza, atakujibu kwa kunong'ona hata kama unauliza bei ya nyanya. Wiki tatu zikapita hivyo. Sauti haikurudi, na akianza kujikohoza ili aisafishe, shingo ilimtoka mishipa.

Hakimu alikuwa mtu mkali lakini si mbaya. Alimwandikia barua ya kumhamishia masjala mpaka apone. Nilimwona akiisoma barua ile mlangoni kwetu. Aliikunja mara nne, akaingia, akavuta kiti karibu na changu na kuninong'oneza, "Hapa sikai."

Na hakuwa anajihurumia tu. Alikuwa na mtu kule ndani. Mzee mmoja Mmaragoli, mlinzi wa nyumba za kupanga Kileleshwa, alishtakiwa kwamba alishirikiana na wezi waliobeba vitu vya mpangaji mchana kweupe. Kiswahili chake kilikuwa cha getini: habari ya asubuhi, fungua, funga, mwenye nyumba hayuko. Dhamana hakuwa nayo. Alikuwa rumande, na vikao vyote viwili vya mwanzo Mkalimani ndiye aliyesimama naye. Sasa zamu ya mzee kujitetea ilikuwa imekaribia, na koo lake halikuwapo.

Nilimpeleka kwa daktari wa koo na masikio, mzee wa Kisingasinga mwenye kliniki ghorofa ya tatu mjini, karibu na soko. Nilikwenda niwe msemaji wake, maana nilishamnyang'anya kunong'ona na kumpa daftari. Akaandika, mimi nikasoma, "Daktari, anasema amekuwa akinong'ona wiki tatu."

Akanifinya. Akapigia mstari chini ya neno alilokuwa ameandika. Nikaanza tena, uso ukiniwaka moto: "Daktari, nimekuwa nikinong'ona wiki tatu."

Daktari akatutazama mmoja mmoja. "Sasa mgonjwa ni nani?"

Alimpitishia kimrija chenye taa puani mpaka kooni, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akachora kwenye karatasi nyuzi mbili za sauti, kama midomo miwili midogo.

"Mama, kirusi cha mafua kilishuka hadi hapa, kwa koromeo. Hizi nyuzi zikavimba. Zikivimba hazigusani vizuri, sauti inapotea. Hiyo si ajabu. Ungekaa kimya, wiki moja, mbili, ingeisha yenyewe."

Akaandika, nikasoma: "Lakini sikuongea. Nilinong'ona tu."

"Hapo ndipo ulijimaliza. Ukinong'ona unakaza koo lote. Ni kama mtu ametegua mguu, badala ya kukaa chini anatembea kwa vidole. Na hiyo kujikohoza kila saa, unazigonganisha zikiwa na kidonda."

"Na vidonge nilivyonunua?"

"Hivyo ni vya bakteria. Kirusi hakivijui." Akainua vidole. "Siku kumi na nne. Usiongee, usinong'one, usiimbe kanisani. Maji mengi. Ukitaka kukohoa, meza mate. Halafu urudi nikuone."

Tukateremka ngazi. Chini, kwenye kelele za wauza matunda, alisimama akaandika kwa herufi kubwa: SIKU KUMI NA NNE NI NYINGI. Mzee angesimama kizimbani siku ya tisa.

Ukimya ule aliuweka kama nadhiri. Alinitumia ujumbe wa simu wenye sentensi kamili, koma na nukta, hata akiomba chumvi. Majirani walidhani bubu ni kiziwi pia, wakawa wanampigia kelele usoni. Kanisani alisimama na wenzake akafungua kinywa bila kutoa kitu, na bibi aliyekuwa jirani yake akamsifu kwa kuimba vizuri siku hiyo. Aliponiandikia hilo alicheka bila sauti, mabega yakitetemeka, mkono shingoni ili asisahau.

Siku ya tisa alilibeba yeye mwenyewe faili la mzee kutoka masjala hadi mahakamani, akaketi benchi la makarani. Mimi nilikwenda naye, kwa sababu sikumwamini. Ofisi ilikuwa imetafuta mkalimani wa muda. Wamaragoli ni Waluhya, basi ilitaka Mluhya ikapata Mluhya, kwa maana ofisini Mluhya ni Mluhya. Alikuwa bwana mwenye tai nzuri na sauti ya kengele, Mbukusu. Kimaragoli alikifahamu kama mimi ninavyofahamu simu ya jirani kupitia ukuta.

Mzee alijitetea kwa dakika nyingi. Alionyesha kwa mikono, akahesabu kwa vidole, akajigusa kifua. Alipomaliza, yule bwana akageuka kwa hakimu na kutamka kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Mheshimiwa, anasema hakuwa kwenye geti."

Hakimu akaandika. Hilo tu. Mlinzi amekiri kwamba hakuwa kwenye geti.

Nilimtazama Mkalimani. Koo lilipanda na kushuka chini ya leso. Mdomo ulikuwa umefunguka, na ninaapa nilisikia pumzi ikijipanga. Nikamshika mkono. Alijua, nami nilijua, kwamba neno moja la kulazimisha lingeweza kumrudisha siku ya kwanza au kuiharibu ile sauti kabisa, na mzee asiwe na mtu tena. Lakini mzee alikuwa anazama pale pale mbele yetu. Mkalimani akauvuta mkono wake, akachukua daftari na kuandika. Akasimama. Akatembea mpaka mbele bila kuitwa, jambo ambalo karani halifanyi, akaliweka daftari juu ya meza ya hakimu.

Hakimu alilisoma kwa sauti. "Mheshimiwa, mshtakiwa amesema mambo manne. Mahakama imeambiwa nusu ya moja." Akamtazama juu ya miwani. "Na siku hizi hata hunong'oni?"

Akaandika tena. Hakimu akasoma, safari hii kimoyomoyo, kisha akamgeukia yule bwana. "Mzee amesema nini, kwa ukamilifu?"

Bwana akaitengeneza tai. "Mheshimiwa, lafudhi yake ni ngumu kidogo."

Kesi ikaahirishwa wiki tano. "Siku hiyo uje na sauti," hakimu akamwambia. "Huyu mzee hawezi kukaa rumande akingojea koo lako. Usipokuwa nayo, nitaendelea na yeyote aliyepo." Mzee hakuelewa neno, lakini alipomwona Mkalimani akipita aliinua mikono yake yenye pingu akamsalimia, na yeye akainua mkono wake. Usiku huo hakunitumia ujumbe wowote. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko zote.

Siku kumi na nne zilipotimia, daktari alitazama tena. Uvimbe umepungua, akasema, lakini uzi wa kushoto unafanya uvivu. Kirusi kilikuwa kimegusa mshipa wa fahamu unaouendesha. Uzi huo ungeweza kuamka baada ya miezi, au ulale hivyo hivyo.

"Nina wiki nne," Mkalimani akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza, na sauti sikuitambua. Ilikuwa nzito, yenye hewa nyingi na mikwaruzo, kama ya mwanamume aliyetoka kulala.

"Basi fundisha ule wa kulia kwenda kumtafuta mwenzake," daktari akamjibu. "Polepole. Ukilazimisha utapoteza zote mbili."

Akapelekwa kwa mwalimu wa sauti hospitalini, akarudi na mazoezi. Saa ya chakula cha mchana, masjala, aliweka mrija wa soda ndani ya glasi ya maji na kupuliza huku akinguruma, maji yakitokota. Makarani walikufa kwa kicheko. "Mathe anachemsha uji!" Aliendelea. Dakika tano, mapumziko, dakika tano. Sauti ya "mmm" mdomo umefungwa, kutoka chini kwenda juu, ikikatika kila mara mahali pale pale, naye anaanza tena bila kukunja uso. Mimi, ambaye ningetupa glasi dirishani siku ya tatu, nilijifunza kunyamaza na kumbadilishia maji.

Jumamosi tulikwenda Mutuini kwa dada yake, ambako kuna nafasi. Alisimama kwenye kona ya shamba, mimi nikasimama kwenye mstari wa kwanza wa nyasi za ng'ombe. Alitamka sentensi, nikiisikia nainua mkono, kisha narudi nyuma mstari mmoja. Jumamosi ya kwanza hatukupita mstari wa kwanza. Ya pili, mstari wa pili. Ya tatu tulifika wa tatu, dada akapiga kigelegele na ng'ombe akashtuka. Jumamosi ya nne nilisimama mstari wa nne nikitega masikio mpaka yakauma, na sikusikia kitu. Akasema tena. Niliona mdomo ukitembea tu.

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria hivyo kweli, mkono uliinuka nusu. Lakini kumdanganya mtu kama yule ni kazi bure, nikaushusha.

Akaja hadi niliposimama. "Mstari wa tatu," akasema.

"Wa tatu, Mama. Sasa utafanyaje? Ile korti ni kubwa, na kesi ni Jumatano."

Akachuma jani la nyasi, akalizungusha kidoleni. "Nimeambiwa nije na sauti. Sikuambiwa ni kubwa kiasi gani."

Mwezi huo nilikuwa nimepata kazi nyingine, ofisi ya kupangisha nyumba Kileleshwa, si zile alizolinda mzee, na ilibidi niombe ruhusa kwenda kusikiliza. Korti ilikuwa imejaa. Mzee aliletwa, amekonda. Mkalimani akasimama mahali pake, leso haipo shingoni. Mzee akasema kidogo, naye akaanza. Benchi la pili lilisikia. La tatu likainama mbele. Nyuma yake ilikuwa honi na viatu na minong'ono.

"Mkalimani, ongeza sauti," hakimu akasema.

Nikafumba macho. Nilijua asingeweza, na nilijua akijaribu itakatika.

"Mheshimiwa, haiongezeki," akasema, kwa ile sauti nzito ya mikwaruzo, bila haraka. "Hii ndiyo yote. Naomba madirisha yafungwe na watu wanyamaze."

Kukawa na kicheko kidogo mahali. Hakimu hakucheka. Alimtazama mzee, kisha akaweka kalamu chini. "Askari, funga madirisha. Anayetaka kutembea atoke sasa hivi."

Madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine. Sijawahi kusikia mahakama ile ikiwa kimya namna ile, hata siku za hukumu. Mzee akasema, akangoja. Mkalimani akasema. "Kufuli la geti la nyuma lilikuwa bovu. Nilimwambia msimamizi mara tatu. Siku hiyo msimamizi huyo huyo alinituma dukani, ndiyo sababu sikuwa kwenye geti. Niliporudi, mimi ndiye niliyepiga kelele. Majirani walitoka kwa sababu ya kelele zangu." Kila mara sauti ilipotaka kukatika alisimama, akameza mate, akaendelea kutoka pale pale, na hakuna aliyethubutu kummalizia. Watu wa nyuma walikuwa wamesimama ili wasikie. Hakimu aliandika kila neno.

Uamuzi ulisomwa wiki mbili baadaye. Mzee aliachiliwa huru. Mkalimani alirudishiwa nafasi yake, na ule uzi wa kushoto haukuamka vizuri tena kwa kadiri ninavyojua.

Siku hiyo ya uamuzi ndiyo ya mwisho kumwona akiwa kazini. Nilimsubiri kwenye ngazi za nje. Mzee alitoka akiwa na mfuko wa plastiki wenye vitu vyake, akamwona, akauweka chini na kumshika mikono yote miwili. Akasema naye kwa Kimaragoli, maneno mengi, taratibu, akisimama na kuanza tena. Mkalimani alisikiliza tu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Kisha mzee akaokota mfuko wake akashika njia ya stendi.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumuuliza swali hilo akakosa kunijibu, neno kwa neno. Alimwangalia mzee mpaka akapotea kwenye umati.

"Hayo ameniambia mimi, Mama Faith."